Usipeleke pampu Dar, funga kidumu kwanza

Mleta mada weka hiyo spana chini. Umesema umenunua Land Rover 109 ya dizeli, pickup, imetoka kwenye shamba la mkonge, ikafika Pongwe yenyewe bila shida, ukaitumia kidogo na sasa stata inazunguka ila haiwaki hata kukohoa, fundi kafungua nati ya nozo, pale dizeli inapopuliziwa ndani ya injini, kaona pakavu akasema pampu kubwa ya dizeli imekufa, na Jumamosi pampu inapanda basi pale Kange kwenda Dar. Ukauliza pia kubadili jina kwenye kadi, rangi yake ya asili, na kama uachane na hiyo injini ufunge ya Toyota. Hayo yatasubiri siku nyingine. Hiyo pampu isitoke hapo ilipo. Mwambie fundi umesafiri, mwambie umeishiwa hela, mwambie lolote, ila isitoke mpaka uijaribu injini kwa kidumu, yaani dumu dogo la dizeli badala ya tanki.

Hiyo stori yako mimi nimeshailipia, tena kwa bei ya rejareja. Yangu niliichukua Korogwe. Dalali alikuwa mtu wa watu kweli kweli, bosi huku bosi kule, chai na chapati juu yake, na siku ya kuichukua akaniambia kanijazia tanki full, zawadi yake kwangu, nifike Tanga bila mawazo. Nikampa na hela ya soda kwa huo wema. Mshale wa mafuta haufanyi kazi, akasema hizi za zamani zote ziko hivyo, mafuta unapima kwa kijiti. Nikacheka nikaona ndio raha yenyewe ya gari la kikongwe. Njia nzima Segera, Muheza, mpaka naingia mjini gari linaunguruma safi, watu wanageuka, nikajiona mmiliki wa mkonge wa enzi hizo. Nikabeba machungwa Muheza, nikabeba matofali, wiki zikaenda. Asubuhi moja nazungusha, stata inalia vizuri, moshi hamna. Hamna kabisa.

Nikaita fundi. Gereji siitaji, wenyewe watajijua wakisoma hapa. Akalegeza nati ya nozo, kijana wake akapiga stata, pakavu. Akafuta mikono, akasema neno moja, pampu. Sasa ndugu yangu hebu tulia hapa maana ndipo na wewe ulipo. Pakavu kwenye nozo maana yake ni kwamba dizeli haijafika kwenye nozo. Basi, hakuna zaidi. Haikwambii imekwama wapi. Toka tankini mpaka hapo kuna bomba la ndani ya tanki, bomba la chini kwenye chesisi, pampu ndogo ya kuvuta yenye kikombe cha kioo, filta, ndio unafika pampu kubwa. Yeye akaruka vituo vyote akaenda kwenye kile cha bei mbaya, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama naelewa, kwa sababu alisema kwa kujiamini na mimi nilishawaambia majirani gari ni nzima.

Pampu ya hiyo injini ni ya kampuni ya CAV, ile ya mviringo wanayoiita DPA. Ndani inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake, na dizeli ikiwa safi pampu ile inavumilia miaka. Inapokaa kwenye injini kuna mstari wa alama kwenye mdomo wake, na matundu yake ya nati ni marefu kidogo kwa makusudi, unaweza kuizungusha mbele au nyuma kidogo, na hapo ndipo taimingi ilipo, yaani wakati dizeli inapopigwa ndani ya silinda. Kwa hiyo ukiichomoa bila kuchora alama yako mwenyewe, hata kwa rangi ya kucha ya mama watoto, umeongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza ambao hata hujaujua. Wangu hakuchora. Akachomoa, na kile kishafti kinachoizungusha pampu akakipandisha juu akitazame, kijana akazungusha injini ati kuhakikisha haijajam, wakarudisha kila kitu kwa makadirio. Pampu ikaenda Dar, ikarudi imesafishwa inang'aa na karatasi ya vipimo na bili ambayo nikiikumbuka shingo inauma. Na walichoandika kule, mtacheka, ni kwamba wamebadilisha sili na kupima tu, ilikuwa nzima.

Ikafungwa. Wakatoa hewa wee mpaka povu likapungua, wakapiga stata, safari hii ukatoka moshi mweupe mzito lakini haishiki. Moshi mweupe kwenye dizeli ni mafuta yanaingia na hayaungui, ama joto halitoshi, ama mgandamizo umechoka, ama taimingi imehama. Hapo mtu yeyote mwenye akili anasimama anaiuliza injini taimingi yako iko wapi. Yeye akatuma mtoto dukani akanunue spreyi.

Etha jamani. Spreyi ya kuwashia. Kuna wajuaji humu kila mada ya dizeli wanakuja na "piga spreyi mkuu", leo naomba mnivumilie. Injini ile mgandamizo wake ni 23 kwa 1, na hita zake, zile plagi za kupasha joto ndani ya silinda, zilikuwa zimewashwa, zimeiva, halafu mtu anamwagia etha kwenye mdomo wa hewa. Etha haisubiri pistoni ifike juu, inalipuka inapotaka yenyewe. Ulipigwa mlio mmoja, kuku wa jirani walihama nyumba, na fundi akasema "eheee inataka kuwaka". Ilikuwa inataka kufa. Tulipofungua silinda hedi, namba tatu ringi vipande na ukingo wa pistoni umemeguka. Sasa jumlisha mwenyewe, pampu Dar, hedi gasketi, pistoni, ringi, kuchonga, na fundi ni yule yule anadai hela ya kazi kwa kosa lake, na mimi nikamlipa kwa sababu gari limelala uani kwake, kwa hiyo tuseme nilikuwa mateka.

Aliyeniokoa hakuwa fundi magari. Ni jamaa anatengeneza mashine za boti pale Deep Sea, alikuja kumtazama fundi kwa shida zake mwenyewe, akauliza swali moja tu, mmeshajaribu kidumu? Tukabaki tunatazamana. Wao baharini dizeli mara nyingi iko kwenye dumu pembeni ya mashine, mashine ikizingua jambo la kwanza anabadilisha dumu na mpira. Akafunga kidumu, tukaweka taimingi upya kwa alama ya kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ikawaka. Tukarudisha bomba la tanki, ikazima. Kidumu, inawaka. Tanki, inazima. Nilikaa chini kwenye mchanga.

Tukashusha tanki. Lile bomba la kuvutia linaloingia ndani lilikuwa limeliwa na kutu, kitundu kama kichwa cha pini, kipo karibu katikati. Tanki likijaa, kitundu kiko chini ya dizeli, kinavuta dizeli, gari tamu. Mafuta yakishuka chini ya kitundu kinavuta hewa, ni kunywa soda kwa mrija uliotoboka, unafyonza mpaka mashavu yanauma hupati kitu. Sasa unaielewa ile zawadi ya full tank? Unaelewa kwa nini mshale wa mafuta ulikuwa umekufa kwa wakati mzuri kiasi kile? Yule bwana alijua. Nikampigia, akasema "bosi wangu hayo ni mambo ya chombo" na simu ikawa haipatikani. Bomba lilichomelewa hapa hapa Ngamiani kwa hela ambayo naona aibu kuitaja, chakula cha mchana kilikuwa ghali zaidi. Na wewe umesema uliipata na mafuta mengi, ukaitumia mpaka ikazima. Mie mwili umesisimka.

Kwa hiyo kabla spana haijagusa pampu fanya hivi. Tafuta kidumu cha lita 5, kisafi, kisiwe kilikuwa na petroli wala maji, weka dizeli mpya uliyoichuja kwa kitambaa. Kining'inize juu kuliko pampu, funga kwenye kioo au kwenye boneti iliyofunguliwa, kamba ya mkonge Tanga hatujakosa. Mpira wake uingize moja kwa moja kwenye mdomo wa kuingilia wa filta, ruka tanki, ruka pampu ndogo. Tumia mpira ule unaoonekana ndani, ndio utaona povu likipita. Bomba la kurudisha mafuta liache lirudi linakokwenda siku zote. Kisha toa hewa kwa mpangilio, skrubu ya juu ya filta mpaka itoke dizeli tupu bila povu, kaza, halafu skrubu za hewa za kwenye pampu kubwa, ziko mbili, moja ubavuni moja juu, kaza, halafu legeza nati za nozo piga stata mpaka zidondoshe, kaza. Usiruke hata moja na usiwe na haraka, hewa ya dizeli ina kiburi.

Ikiwaka kwa kidumu, pampu yako kubwa ni nzima na Jumamosi unakula ugali nyumbani. Hapo rudisha bomba la pampu ndogo kwenye filta, shusha kidumu chini usawa wa tanki ili pampu ndogo ivute yenyewe, na mpira wake urudi nyuma hatua moja, kwenye mdomo wa kuingilia wa pampu ndogo. Ikiendelea kuunguruma, pampu ndogo nayo salama, ugonjwa uko kwenye bomba au tanki. Ikizima, angalia kwanza gasketi ya kile kikombe cha kioo, ikikauka inavuta hewa na haivuji hata tone nje, ndio maana watu hawaioni. Ile pampu ndogo ina kijiti cha kupampu kwa mkono, ukikisikia chepesi hakina uzito usikimbilie kusema imekufa, mara nyingi kamu ya ndani, ile nundu ya injini inayoisukuma, imesimama juu, zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena. Hili hakuna fundi aliyeniambia, nimelitoa kwenye kitabu cha gari.

Isipowaka kwa kidumu na nozo bado kavu, angalia kitu cha kijinga kabla ya cha maana. Kama yako bado inazimwa kwa kuvuta kile kinobu cha dashibodi, fungua boneti uone kama mkono wake pale kwenye pampu unarudi kweli. Hewa yetu hii ya chumvi inashika ule waya, kinobu kinarudi ndani lakini mkono kule umebaki umezima, utapiga stata mpaka Idi. Ukisharudisha huo mkono na bado kavu, haya, sasa mlaumu pampu, na uchore alama.

Betri na hita sina mengi, umesema stata inazunguka vizuri. Pima tu, betri iliyojaa na imepumzika ni kama volti 12.6, na ukipiga stata ikianguka chini ya 9 na kitu betri imechoka au waya wa hasi kwenye chesisi umeoza. Hita kama ni zile za asili zimefungwa mfululizo, moja ikiungua zote zimelala, na asije mtu akaijaribu moja moja kwa volti 12 ya betri, zile ni za volti chache mno, ataziua zote na kukuambia zilikuwa mbovu.

Na msinicheke wakuu, nawajua humu walionunua gari kwa picha za WhatsApp, mie angalau nililiendesha. Watu wa Tanga tunaambiwa waja leo waondoka leo, basi langu lilikuja leo likakaa uani kwa fundi mpaka watoto wa mtaa wakalifanya daladala, konda wao alikuwa mwanangu.

Yule fundi wako mwambie hivi, kabla ya pampu nataka kuona kidumu, akikasirika ujue ndio wale wale. Akikubali mpe hela ya maji, huyo ni mtu. Klipu za kubania mpira chukua mbili zenye skrubu, usifunge kwa waya wa kufungia tu maana hapo hapo patavuta hewa na utarudi humu kulalamika kidumu hakifanyi kazi. Jaribu kesho asubuhi injini ikiwa baridi, halafu leta mrejesho, uandike nozo zimetoa nini na moshi ni rangi gani.