Bunduki ya marisawa ikigoma kulia

Ndugu wa Lubumbashi, unauliza ufanye nini bunduki ya baba ya kaliba 12 (kipimo cha upana wa mtutu) inapolia "tik" tu bila kufyatuka. Usiifungue haraka! Baruti huweza kuwaka kwa kuchelewa: elekeza mdomo kwenye udongo usio na mawe, mbali na watu, ngoja sekunde 30, ndipo utoe kartushi (risasi yake).

Mimi ningeogopa zaidi mlio hafifu, "puf". Kizibo cha kartushi, kinachotenga baruti na marisawa, huenda kimekwama ndani ya mtutu. Toa kartushi zote, chungulia kutokea nyuma. Usipoona mwanga, usifyatue tena, mtutu unaweza kupasuka.

Kartushi ya kaliba 20 (nyembamba kuliko ya 12, mara nyingi ya njano) huteleza ndani ya 12 na kukwama mbele. Ukiweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mlipuko hutokea pale pale unaposhika kwa mkono wa mbele. Usizichanganye mfukoni.