Nyumba ya Rusinga: usitume pesa bado

Ndugu wa Kisumu, unasema muuzaji wa hiyo nyumba ya kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, anataka nusu ya bei wiki hii, na hati miliki bado ina jina la marehemu babake. Simama hapo. Kabla mahakama haijathibitisha urithi hana cha kukuuzia, hata ukoo mzima ukitia sahihi.

Hati ikishabadilishwa jina, fanya serchi (kukagua rekodi za umiliki) kwenye ofisi ya ardhi. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, ombeni kibali cha bodi ya ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba ni batili. Ushuru wa stempu, kodi ya kuhamisha umiliki: asilimia 2 ya thamani mashambani, 4 mjini.

Na hiyo alama ya maji unayosema iko kwenye ukuta wa nyumba? Ziwa lilifurika 2020. Waulize wavuvi lilifika wapi. Wakili na sovea (mpimaji ardhi) wawe wako, si wa muuzaji.