Bi Karani Anajibu: Akikubali Alikunywa, si Amejifunga Mwenyewe?

*Shikamoo Bi Karani. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Maweni hapa Malindi, asubuhi nauza mbaazi na mahamri. Kijana wangu wa pili ana miaka 16, yuko Kidato cha Pili. Jumamosi alikwenda matanga upande wa Ganda na wenzake. Mimi nilijua ni mazishi, kumbe usiku kulikuwa na disko. Polisi walipotokea wenzake walikimbia, yeye alikuwa amelewa hata kusimama hawezi. Alilala kituoni. Asubuhi nilikwenda na shemeji yangu, tukaandikisha bondi, tukapewa siku ya kurudi. Sasa kila mtu ana lake. Shemeji anasema tutoe kitu kidogo faili ipotee. Babu yake anataka wazee wakae wayamalize nyumbani. Afisa wa watoto naye aliniambia kuna njia ya kuichepusha kesi isifike kwa hakimu, lakini mtoto akubali kosa kwanza. Naogopa. Akikubali si amejifunga mwenyewe? Na akitaka kuingia jeshi kesho na keshokutwa itakuwaje?*
*Mama wa Maweni*

Marahaba mwanangu, na pole. Disko matanga hizi zimewaliza wazazi wengi. Maiti bado haijaingia kaburini, huko nyuma ya nyumba spika zinatingisha mabati, na mtoto wa Kidato cha Pili ana chupa mkononi.

Wewe umeuliza swali ambalo wazazi wengi hawaliulizi mpaka siku yenyewe, tena wako mlangoni mwa korti. Nimekaa meza ya makarani miaka mingi, na nikwambie: kukubali kuna namna mbili, na watu huzichanganya.

Kuna kukubali mbele ya hakimu baada ya shtaka kusomwa. Vijana kama wako mara nyingi huandikiwa kulewa na kufanya fujo hadharani. Sheria ya vileo ya 2010 inasema adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Mzazi akisikia mia tano anaona ni nauli tu ya kwenda Mombasa. Anamnong'oneza mtoto: "Sema ndiyo, tulipe twende zetu, nimeacha biashara." Mtoto anasema ndiyo. Mtoto haadhibiwi kama mtu mzima, na sheria hata inakataza maneno "kutiwa hatiani" na "hukumu ya adhabu" yasitumiwe kwake, lakini hapo tayari mahakama imemwona na kosa na limeandikwa hivyo. Rahisi ile ina mkia.

Kukubali kwa pili ndiko alikokusudia huyo afisa. Huku mtoto anasema alichofanya mbele ya watu wanaotafuta namna ya kumwondoa kwenye njia ya kesi, mzazi akiwa pale pale, na asipopenda kusema ana haki ya kunyamaza. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka masharti yake: awe amekiri kwa hiari yake bila kusukumwa, uwepo ushahidi wa kutosha kama kesi ingeendelea, na yeye pamoja na mzazi waikubali njia yenyewe. Sharti moja likikosekana, hakuna kuchepusha. Kwa hiyo hapana, hajajifunga, ila iwe ni kweli alikunywa na iwe ni yeye anayesema.

Hilo la hiari msilifanyie mchezo. Nakumbuka kijana mmoja aliyeletwa ofisini, baba yake amesimama nyuma ya kiti. Kila akiulizwa jambo, macho yanakwenda kwa baba kwanza. Ulikunywa? Anamtazama baba. Ndiyo. Mwendesha mashtaka, mama mmoja mpole lakini hapitwi na kitu, akamwomba mzee atoke nje kidogo akanywe maji. Mlango ulipofungwa akauliza upya: ulikunywa nini? Soda. Basi mnazi ulikunywa wapi? Hajui. Nguo zako mbona zinanuka? Alimwagiwa na mtu aliyekuwa anacheza. Baba alikuwa amesikia kwamba anayekubali anarudishwa nyumbani, akamfundisha mtoto njia nzima kwenye tuk-tuk. Faili ile ilifungwa kwa kukosa ushahidi, na ingekuwa dhuluma kumpeleka mtoto wa watu kwenye ushauri nasaha wa ulevi kwa ajili ya soda.

Wa kwako unasema hata kusimama hakuweza, kwa hiyo hapo sina la kubishana. Mkae naye kabla ya siku ya kurudi. Msiende kumpangia maneno. Mwulize tu alikunywa nini, nani alimpa, alilipa nani, kisha umwache aeleze kwa mdomo wake. Na uniulizie jambo moja: usiku ule alilala seli na watu wazima? Katiba, kifungu cha 53, inataka mtoto azuiliwe kama hakuna njia nyingine kabisa, kwa muda mfupi, tena mbali na wakubwa. Kama alichanganywa nao, mwambie afisa wa watoto aliandike.

Kinachofuata ni mpango wa maandishi. Anaweza kutakiwa kuomba msamaha, kwa wenye matanga kwa mfano. Anaweza kuonywa rasmi, kutakiwa ahudhurie shule bila kukosa, awe nyumbani na familia saa fulani, asikanyage mahali fulani, aripoti kwa afisa, afanye kazi ya jamii chini ya usimamizi, au aende kwa mshauri. Kwa kijana aliyelewa mimi naona la mshauri ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo wazazi wetu hulidharau: "akazungumze na mtu, ana nini cha kuzungumza?" Kumbe huko ndiko hujulikana kama ilikuwa mara ya kwanza au ya kumi. Mpango usimharibie masomo wala usimdhalilishe. Ukiona wamempangia kufagia soko saa za darasa, sema pale pale.

Halafu mpango huo unafuatwa kweli. Kijana mmoja alipewa daftari, mwalimu wa darasa atie sahihi kila jioni kwamba alikuwepo. Lilipoletwa, wiki mbili za mwisho sahihi zote zilikuwa za wino mmoja wa zambarau, zimelala upande mmoja, hata Jumapili ipo. Tulicheka, lakini yeye hakucheka: akivunja masharti faili inarudi ilikotoka na kesi inaweza kuendelea kana kwamba hakuna aliyemhurumia.

Kuhusu jeshi. Moja ya shabaha zilizoandikwa kwenye sheria yenyewe ni kumwepusha mtoto na rekodi ya uhalifu, ili siku ya kuomba cheti cha tabia njema asikute jina lake limetangulia. Lakini mimi ni karani, naamini karatasi. Akimaliza masharti, omba barua inayosema amemaliza na jambo limefungwa. Kama shtaka lilikuwa limeshafika kortini, mwendesha mashtaka hawezi kuliondoa bila ruhusa ya mahakama, kwa hiyo hakikisha ruhusa hiyo imeandikwa kwenye faili na unajua namba yake. Weka nakala mbali na moshi wa jiko.

Shemeji mwambie aweke pesa zake mfukoni. Faili inaweza kupotea, lakini usiku ule jina la kijana liliingia kwenye kitabu cha matukio cha kituo, na kitabu hicho hakipotei kwa kitu kidogo. Badala ya kosa moja la mtoto mtakuwa na la pili, la hongo, la watu wazima. Kuchepushwa hakulipiwi, na bondi ya polisi nayo ni bure. Ukiambiwa kuna "ya karatasi", uliza risiti uone uso utakavyobadilika.

Babu simlaumu. Wazee wana nafasi yao, na Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inazitambua njia za jadi za kusuluhisha. Wakae, wamkanye, wapatanishe na waliofiwa. Ila hawawezi kufunga faili ya polisi, na afisa wa watoto akiwashirikisha mapema maneno yao yatasaidia kwenye mpango. Ombi langu moja tu kwa babu: safari hii faini isiwe kadzama, ule mnazi wanaotozwa wakosaji. Mtoto amekosa kwa mnazi, wazee wakae wamtoze mnazi wa kunywa wao?

Siku ya kurudi nenda wewe mwenyewe, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto mkononi, kwa sababu kijana mrefu mwenye ndevu mbili tatu huandikwa miaka 18 kwa kutazamwa tu. Omba waziwazi jambo lifikiriwe kuchepushwa. Nafasi hiyo ipo hata kesi ikishafika kwa hakimu, ila ni bora kabla. Mambo yakienda kortini, mtoto ana haki ya wakili, na msipoweza kumlipa mwambieni hakimu. Ukitaka kusikilizwa usiku, namba 116 ni ya watoto, na 1192 ni ya mambo ya ulevi, zote hazikatwi pesa.

*Bi Karani, mimi nina mangwe, kilabu cha mnazi, upande wa Kakuyuni. Sijawahi kumpa mtoto mnazi, lakini vijana wanatuma watu wa bodaboda na vidumu. Nikikamatwa, na mimi nitachepushiwa kesi?*
*Mwenye Mangwe*

Mzee wangu, njia niliyomweleza mama hapo juu ni ya watoto. Sera ya kuchepusha kesi aliyotoa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mwaka 2019 inawagusa na watu wazima, lakini kwa kosa la kumfikishia mtoto pombe mimi nisingeiwekea matumaini hata ya nusu lita. Sheria ya 2010 imeweka umri wa miaka 18, na jicho lake limekukazia wewe mwenye kuuza kuliko yule anayekunywa.

Mtu wa bodaboda akija na kidumu, mwulize kinakwenda wapi. Unamjua, ni kijana wa hapo hapo. Akisema "kwenye matanga kwa fulani", na unajua usiku pale wanakesha watoto wa shule, huna tena cha kusema hukujua. Mgema anayeheshimu mnazi wake anajua mtamu wa asubuhi unakwenda kwa nani na mkali wa jioni unakwenda kwa nani.

*Salaam aleikum Bi Karani. Natoka Shela, Malindi. Mwanangu ana miaka 19, anasoma chuo Marekani. Amekutwa na bia kwenye karamu ya wanafunzi, anasema huko ni kosa. Amepewa nafasi ya kuingia programu: alipe ada, ahudhurie darasa la ulevi, afanye saa za kazi ya jamii, na kesi itafutwa. Wenzake wote wanatia sahihi. Na yeye atie?*
*Baba wa Shela*

Waaleikum salaam. Asitie bado.

Ni kosa kweli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 ilisema majimbo yasiyoweka umri wa pombe kuwa miaka 21 yakatwe fedha za barabara, na yote yakafuata. Hapa kwetu kwa miaka 19 ni mtu mzima anayekunywa kwa gharama zake, huko bado ni mdogo kwa bia. Programu kama hizo ziko nyingi, kila kaunti na namna yake, na kwa kijana aliyezaliwa huko zinafaa sana. Wenzake wengi, nadhani, ni raia wa huko, hawana haja ya viza.

Mwanao anayo. Baadhi ya programu zinataka kijana akiri kosa mbele ya hakimu kwanza, kisha akimaliza darasa kesi inafutwa. Korti ya jimbo itasema imekwisha. Sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo ina kipimo chake: mtu akishakiri kosa, na hakimu akamwekea adhabu au sharti lolote, hilo linaweza kuhesabiwa kuwa ni kutiwa hatiani hata kama baadaye lilifutwa. Programu nyingine zinampokea kabla hajakiri chochote kortini, na hizo ndizo salama zaidi kwake. Kosa la bia moja peke yake huenda lisimfukuzishe nchini, lakini sitaki ajue hivyo baada ya kusaini.

Aulize swali moja kwa maandishi: je, natakiwa kukiri kosa mbele ya hakimu kabla ya kuingia? Jibu alipeleke kwa wakili wa uhamiaji, si kwa rafiki. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake itamwonyesha wa kuanzia. Akiwa na wakili wa kesi, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia athari za uhamiaji kabla hajakiri. Aitaje kesi hiyo kwa jina, wakili atamsikiliza vizuri.

Na hata ikifutwa, atunze karatasi zote. Fomu ya viza humwuliza mtu kama amewahi kukamatwa, hata kwa kesi iliyofutwa, na anayejibu hapana huku jina lipo anajitafutia kosa kubwa kuliko la bia. Mwambie akupigie kabla ya tarehe ya korti, sio baada.