Okidi Yangu Imeshika Tunda, Walionicheka Waje Waone

Dada mmoja wa Lamu kaniuliza: "Okidi yangu huchanua vizuri, mbona haizai?" Swali limekuja wakati wake, maana yangu hapa Malindi imeshika tunda, la kijani, jembamba, lenye mbavu. Niliiokota kwenye tawi la mwembe uliokatwa. (Tafadhali, usiende kubandua za msitu wa Arabuko-Sokoke!) Majirani wakasema nafuga magugu. Muuza dawa za shamba naye akanikejeli, eti napenda wadudu kuliko mboga. Sijasahau.

Sasa nisikilize, dada. Okidi hizi nyeupe hazimngoji nyuki. Mchana utaipelekea pua usisikie kitu. Ikishaadhiniwa Magharibi harufu inaanza, na ikifika Isha baraza nzima inanukia. Anayeitwa ni nondo, wale vipepeo wa usiku, wakubwa, wanaonyonya huku wameelea hewani. Nyuma ya ua kuna mrija mrefu, na maji matamu yako chini kabisa. Tena watafiti waliopima okidi za jamii ya Aerangis hapa Kenya walikuta utamu unazidi kadiri unavyoshuka, basi nondo hana budi kuzamisha ulimi wote. Hapo ndipo vifurushi vya chavua vinapomganda, akaenda navyo ua la pili. Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, aliletewa okidi ya Madagaska yenye mrija wa karibu sentimita 30, akaandika mwaka 1862 kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kuufikia. Alikufa 1882. Nondo mwenyewe akaja kuelezwa na wataalamu 1903. Kila nilipochekwa nilimkumbuka huyo mzee.

Kwa hiyo zima taa za nje. Nondo akiona taa huizunguka hiyo hiyo, na ua linanukia bure. Mume wangu alilalamika habari za wezi, nikamnunulia tochi. Panda okidi mbili tatu za aina moja, zichanue pamoja. Dawa uache, nakwambia tena, uache! Na wale viwavi wanene wenye pembe mkiani wanaokula matembele yako, hao ndio nondo wenyewe kabla hawajaota mbawa. Mimi nimewaachia tuta zima, wale washibe.

Ila kama yako ni ile ya dukani, ya kwenye chungu, isiyonukia usiku, basi taa washa tu, dada. Hiyo haina habari na nondo.