Swali la lugha: "Kumuuza mtu haki" au "kumuuzia mtu haki"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia. Natayarisha somo kuhusu Magna Carta, hati ambayo makabaila wa Uingereza walimbana nayo Mfalme John mwaka 1215. Ibara ya 40 nimeitafsiri hivi: "Hatutamuuza, hatutamnyima wala hatutamchelewesha mtu yeyote haki zake." Mwenzangu anasema haikai sawa, ila hawezi kueleza kwa nini.

JIBU: Mwalimu, mwenzako ana sikio zuri. "Kunyima" humpokea mtu moja kwa moja: humnyima mtoto chakula. "Kuuza" na "kuchelewesha" hupokea kitu. Ukitaka kumtaja mtu anayeguswa, sharti utumie kauli ya kutendea. Bila hiyo, "hatutamuuza mtu" ni ahadi ya kutomtia mtu mnadani! Andika: "Hatutamuuzia mtu yeyote haki, hatutamnyima wala hatutamcheleweshea."

Na haki iliuzwa kweli. Wakati wa John, wenye kesi walimlipa mfalme ili wasikilizwe, au ili kesi ya mpinzani ikawie. Kabaila William de Mowbray aliahidi marki 2000 (kipimo cha fedha cha zama hizo) ili atendewe haki katika shauri la ardhi. Akashindwa, na deni likabaki palepale. Mwaka 1215 alikuwa miongoni mwa makabaila 25 waliopewa kazi ya kuhakikisha mfalme anatimiza ahadi zake.

"Zake" iondoe. "Haki zake" humpeleka mwanafunzi kwenye orodha ya haki za raia kama ilivyo katika katiba za leo, ilhali ibara hii inasema juu ya jambo moja, kutendewa haki mbele ya hakimu. Tena usikubali kuigeuza iwe "Kila mtu ana haki ya kusikilizwa." Sentensi hiyo ni laini, lakini mfalme ametoweka, naye ndiye anayefungwa hapa. Anajiita "sisi" kwa desturi ya wafalme, na anajifunga kwa kinywa chake: hatutauza, hatutanyima. Haki ya mtu wa kawaida ilianza kama katazo kwa mtawala, na kwangu hilo ndilo la kwanza la kuwaonyesha wanafunzi.

Ibara ya 39, inayokataza mtu kukamatwa au kufungwa bila hukumu halali, inamtaja "mtu huru". Usiandike "raia". Wakulima wengi waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana wao hawakuwamo humo. Sheria ya 1354, enzi ya Edward III, ndiyo iliyoitaja kinga hiyo kwa mtu wa hali yoyote.

Wanafunzi wakikuta mahali maneno haya yameitwa ibara ya 29, wasidhani ni kosa la chapa. Papa Innocent III aliibatilisha hati mwaka uleule wa 1215, ikatolewa upya mara kadhaa, na katika toleo la 1225 ibara ya 39 na ya 40 ziliunganishwa kuwa moja. Kwa namba hiyo ya 29, zingali sheria nchini Uingereza.