Unamodeli vidimbwi vya Prairie? Anza na theluji

Wale mnaoanza kutengeneza modeli ya kompyuta ya kina cha maji kwenye vidimbwi vya Prairie, yaani nyanda za nyasi huku Kanada, Saskatchewan na Manitoba, mpaka kushuka North Dakota Marekani, naombeni msikimbilie mvua. Sisi tuliokulia Bongo tukisikia dimbwi tunawaza masika, lakini huku maji mengi ya dimbwini ni theluji, na tena sio iliyodondoka pale pale, ni ile upepo umeisomba mashambani msimu mzima ikarundikana bondeni, halafu mwezi wa nne ikianza kuyeyuka udongo bado umeganda, maji hayapenyi, yanateremkia dimbwini.

Pale St. Denis, eneo la hifadhi mashariki ya mji wa Saskatoon, kina cha maji kinapimwa tangu 1968, na mi ningeshauri kila mtu aanze na data zile. Mwanzoni mwa miaka ya 80 sehemu ya eneo lile waliacha kulima wakapanda nyasi, na miaka michache tu mbele madimbwi yaliyozungukwa na nyasi yakakauka, wakati ya jirani kwenye mashamba yanayolimwa bado yalikuwa na maji. Hali ya hewa ile ile! Nyasi ndefu zinaing'ang'ania theluji isisombwe, na mizizi inaufungua udongo, maji yanazama kabla hayajafika. Hapo utahangaika na fomula ya mvuke mpaka uchoke na jibu hulipati, lazima modeli ijue kando ya dimbwi kumeota nini. Ndo maana napenda CRHM, modeli ya maji ya nchi za baridi ya Chuo Kikuu cha Saskatchewan, theluji ya kupeperushwa na udongo ulioganda vyote vimo.

Halafu umbo. Dimbwi sio pipa, maji yakipungua na eneo linasinyaa. Watafiti Hayashi na van der Kamp mwaka 2000 walitoa mlinganyo mwepesi sana wa kina, eneo na ujazo, na unaweza kuupatia namba zake kwa kupima kina na eneo mara mbili tu, mwezi wa tano maji yakiwa mengi na tena kiangazi kikielekea kuisha. Ramani za laida, zile za kupima ardhi kwa leza kutoka angani, zinasaidia ila leza ya kawaida haioni chini ya maji, kwa hiyo vaa mabuti marefu uingie mwenyewe.

Na tafadhali usimodeli dimbwi moja moja. Mwaka wa maji mengi moja likijaa linamwagikia la pili, la pili linamwagikia la tatu mpaka mtoni, mwaka wa ukame kila moja kivyake, na kama wakulima wamechimba mitaro, ingiza na mitaro.