Maswali ya Mafundi: Mbona volti 7.9 na 6.2 zinatoka kwenye volti 10?

Swali: Nimeunga koili ya mH 1 mfululizo na rezista ya Ω 8, kujaribu kichujio cha wufa (spika ya besi) kabla sijafunga spika yenyewe. Toni ya Hz 1,000 inatoka kwenye simu, inapita kwenye amplifaya, na nimeiweka volti 10. Kwa kanuni ya kugawa volti, 10 × 8 ÷ (8 + 6.28), nilitegemea 5.6 kwenye rezista. Mita inasoma 7.9, na kwenye koili 6.2. Nikijumlisha napata 14! Mita ni mbovu?
*Fundi redio, Pasua, Moshi*

Jibu: Mita ni nzima. Ukinzani wa koili kwa mkondo geu umeupata sawasawa: XL = 2π × f × L, ambapo f ni masafa ya toni kwa Hz na L ni ukubwa wa koili kwa henri (mH 1 ni henri 0.001), yaani 6.28 × 1,000 × 0.001 = Ω 6.28. Umeteleza ulipoandika 8 + 6.28. Kwenye rezista, volti na mkondo hupanda na kushuka pamoja. Kwenye koili, volti hutangulia mkondo kwa robo ya wimbi. Volti ya koili ikiwa kileleni, ya rezista iko sifuri. Kwa hiyo hazijumlishwi kama debe na debe la mahindi, bali kama pande mbili za pembetatu mraba, kwa Pithagorasi yule yule wa sekondari.

Ukinzani wa jumla ni kipeuo cha pili cha (8² + 6.28²), yaani Ω 10.17. Volti ya rezista: 10 × 8 ÷ 10.17 = 7.87. Ya koili: 10 × 6.28 ÷ 10.17 = 6.18. Zipige kipeo cha pili kila moja, ujumlishe, utarudi kwenye 100, ambayo ni 10 × 10.

Sasa badilisha toni uone kichujio kinavyofanya kazi. Kwa Hz 100 rezista inapata volti 9.97, karibu zote. Kwa Hz 5,000 inapata 2.47 tu. Mpaka kati ya toni zinazopita na zinazozuiwa uko kwenye R ÷ (2πL), R ikiwa rezista, hapa Hz 1,273, ambapo volti ya rezista ni 7.07. Ukichukua volti kwenye koili badala ya rezista, mambo yanageuka: sauti kali ndizo zinazopita.

Kuna mitego. Koili ya waya mwembamba ina ukinzani wake wa shaba; pima kwa mita kwanza. Ukikuta Ω 0.5, uongeze kwenye 8 ndani ya kipeuo tu, si juu ya mgawanyo: volti itashuka hadi 7.57. Yako inaonekana ni ya waya mnene. Rezista nayo inakula wati 7.7 hapo, kwa hiyo weka ya wati 20. Ile ndogo ya robo wati itatoa moshi kabla hujashika kalamu. Na utakapofunga spika, usishangae hesabu ikipotea kidogo. Spika ya Ω 8 haibaki Ω 8 kwenye kila toni. Mita nyingi za bei nafuu pia zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa Hz 50, zikipelekewa toni za juu zinadanganya.

Swali: Nimegawa volti 12 za betri ya sola kwa rezista za kΩ 1.4 na kΩ 1. Mita inasoma 5 safi. Nikichomeka simu, volti zinakufa kabisa.
*Msomaji, Ngarenaro, Arusha*

Jibu: Hesabu yako, 12 × 1 ÷ 2.4, ni sahihi mradi hakuna kinachonyonya mkondo pale katikati. Simu inayovuta ampea 0.5 kwa volti 5 ni sawa na rezista ya Ω 10. Ikikaa sambamba na ile ya kΩ 1, zote mbili zinakuwa Ω 9.9, na volti zinakuwa 12 × 9.9 ÷ 1,409.9, yaani 0.08. Usikimbilie rezista ndogo, maana zitageuka jiko na kumaliza betri. Nunua modyuli ya kushusha volti. Kigawanyo chako kitumie kupimia, ambako kinachokisoma kina ukinzani mkubwa, angalau mara 100 ya rezista ya chini.

Swali: Je, koili inaweza kushusha volti 12 za betri?
*Msomaji, Usa River*

Jibu: Hapana. Masafa ya betri ni sifuri, hivyo XL ni sifuri. Mkondo ukishatulia koili ni waya tu. Ila ukikata swichi itarusha volti nyingi kupita za betri, na transista inayofanya kazi ya swichi huungua hapo. Funga dayodi sambamba na koili, upande wenye mstari uelekee chanya.